Kikosi cha huduma kwa dereva wa rali anayejilipia: kujipangia, kukodi gereji au kushirikiana?

Dereva anayelipia rali kutoka mfukoni mwake hukutana na uamuzi huu mapema kuliko anavyodhani. Gari limepatikana, leseni ya mashindano imetoka, mwelekezi amekubali kukaa kiti cha kushoto na kumsomea dereva noti za barabara. Kilichobaki ni watu watakaowasubiri kwenye eneo la huduma, na gari litakalowafikisha huko pamoja na matairi, petroli, jeki na giaboksi ya akiba.

Kwa hapa Kenya, na kwa kiasi kikubwa Uganda na Tanzania, njia ziko tatu. Unaweza kujipangia mwenyewe kwa fundi wako, ndugu, marafiki na pikapu. Unaweza kukodi gereji inayoijua kazi hiyo, ikulipishe kwa rali nzima. Au unaweza kushirikiana na washindani wengine, kikosi kimoja kikahudumia magari mawili au matatu. Nitazilinganisha, lakini msimamo wangu nautoa sasa hivi ili usome ukiujua: kwa mtu aliye katika msimu wake wa kwanza au wa pili, kushirikiana ndiko kunakofaa zaidi, mradi kila gari liwe na mtu wake wa kushika saa. Wengi huanza kwa kuhangaikia gari la kubebea vifaa. Mimi naanza na huyo mtu wa saa, maana akikosekana yeye, hakuna lori litakalomwokoa dereva.

Saa ndiyo inayotawala

Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, na kwa miaka mingi baada ya hapo, gari liliweza kutengenezwa popote njiani. Timu za viwanda zilitawanya mafundi kila pembe, na baadaye zikaleta hadi helikopta kufuatana na magari yao. Mambo hayo yamekwisha. Katika rali za kawaida za leo huduma hufanywa ndani ya eneo lililotengwa tu. Nje ya hapo, wanaoruhusiwa kuligusa gari ni dereva na mwelekezi peke yao, kwa vifaa walivyobeba ndani. Rafiki akisimama kando ya barabara akawapa spana, hilo ni kosa linaloweza kuwatoa mashindanoni.

Na ndani ya eneo hilo muda unahesabiwa. Katika Mashindano ya Dunia, yaliyorudi Kenya mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, desturi imekuwa dakika 15 asubuhi, dakika 40 mchana na dakika 45 jioni. Rali za kitaifa hubana zaidi, mara nyingi dakika 20 au 30 kati ya mzunguko mmoja wa mikondo, yaani vipande vya barabara vya kushindania kasi, na mwingine. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ukichelewa kufika kituo cha muda, pale kadi yako inapoandikwa saa, unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Yaani aliyewahi kwa dakika moja anaumia kuliko aliyechelewa kwa dakika tano.

Tazama dakika 20 zinavyokwenda. Subaru yenye vumbi hadi kwenye bawaba za milango inaingia juu ya turubai lililotandikwa ili mafuta yasimwagike ardhini. Injini inazimwa. Kabla hajashuka, dereva anasema kupitia dirishani, "Fundi, breki zinavuta kushoto, na kuna kitu kinagonga nyuma upande wa mwelekezi." Mkuu wa kikosi anarudia maneno hayo kwa sauti ili kila mtu asikie, anabonyeza saa yake, kisha anamwambia, "Sawa, mzee. Shuka unywe maji."

Jeki mbili zinainua, stendi nne zinaingia mahali pake kabla ya mtu yeyote kupita chini ya gari. Magurudumu yote manne yanatoka. Fundi mmoja ameinamia breki za mbele, wa pili yuko nyuma anatikisa mikono ya magurudumu kwa mtaimbo, wa tatu ameshatoa filta ya hewa na kuweka nyingine safi. Dakika ya saba mkuu anauliza, "Nyuma, tunabadilisha au tunakaza?"

"Bushi imekwisha, lakini bolti ni nzima. Kubadilisha ni dakika kumi na tano."

"Kaza. Tutabadilisha jioni."

Hapo ndipo rali inapookolewa. Fundi hodari asiye na mtu wa saa angeanza kuing'oa ile bushi, kwa kuwa kwa upande wa gari hiyo ndiyo kazi iliyo sahihi, na dereva angefika kituoni amechelewa. Zikibaki dakika tano, magurudumu yamesharudi, nati zimekazwa kwa spana ya kupima mkazo, na mtu mwingine, si yule aliyezikaza, anazipitia zote tena moja baada ya nyingine. Mwelekezi ameshafunga mikanda, kadi ya muda iko mapajani.

Mkuu wa kikosi si lazima awe fundi bora kuliko wote. Anachohitaji ni kuwa mtu ambaye fundi bora atamtii. Mwalimu wa shule, karani wa benki, shangazi aliyezoea kuendesha hoteli: nimewaona watu wa namna hiyo wakiifanya kazi hii vizuri kuliko mafundi wenye miaka mingi ya gereji. Unapolinganisha njia hizi tatu, swali la kwanza kwa kila moja ni hilo: nani atashika saa ya gari langu?

Kujipangia mwenyewe

Rali ya Afrika Mashariki ina mizizi ya kifamilia. Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, alishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na mdogo wake Jaswant kwenye kiti cha mwelekezi. Moyo huo haujafa. Hadi leo nusu ya watu unaowakuta wamevaa fulana za timu ndogo ni binamu, mashemeji na majirani.

Faida kubwa ya njia hii ni ujuzi wa gari lenyewe. Fundi aliyeifunga injini anajua ni nati gani hulegea, ni bomba gani limepindishwa kukwepa joto, ni waya gani aliunganisha usiku wa manane kabla ya ukaguzi. Gari la mashindano lililojengwa mitaani halina kitabu, kitabu chake kiko kichwani mwa mtu huyo. Pia gari likivunjika vibaya, kikosi chako hakiangalii mkataba. Watu watalala chini ya turubai hadi alfajiri kwa sababu ni gari lao.

Watu wanaotosha ni wanne: mkuu wa kikosi, mafundi wawili, na mmoja wa matairi, petroli, maji na chakula. Watatu inawezekana, ila mkuu atalazimika kushika spana, na mkuu aliyeshika spana haangalii tena saa. Zaidi ya sita ni msongamano, tena wote wanakula na kulala kwa gharama yako.

Udhaifu wake haujulikani hadi Jumapili jioni. Watu walewale waliopakia vifaa Alhamisi, wakakesha ukaguzi wa Ijumaa, wakaamka saa kumi alfajiri na kufanya kazi juani siku mbili, ndio wanaoendesha pikapu yenye trela kurudi nyumbani usiku. Eldoret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kwenye barabara iliyojaa malori. Kwangu hili si jambo dogo la kumalizia ratiba. Ukijipangia, weka dereva wa msafara ambaye kazi yake pekee ni kulala mchana na kuendesha, au lipia usiku mmoja zaidi wa malazi. Hakuna pointi za ubingwa zinazolipa ajali ya kikosi.

Jambo lingine ni hesabu. Kujipangia huonekana rahisi kwa sababu marafiki hawadai mshahara. Lakini fundi anayefunga gereji yake kwa siku nne anapoteza wateja wa siku nne, na asipofidiwa atakuja rali ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa aibu ya kukataa, na ya tatu atakuwa na msiba kijijini. Mlipe tangu mwanzo, hata kama ni kidogo, na mkubaliane kiasi mapema.

Kukodi gereji

Hapa kuna aina mbili ambazo watu huzichanganya. Aina ya kwanza unakodi kila kitu pamoja na gari lenyewe: unafika na kofia yako na mwelekezi wako, unaendesha, unaondoka. Aina ya pili gari ni lako, gereji inalitunza kati ya rali na kulihudumia siku za mashindano.

Aina ya kwanza inamfaa mtu mwenye fedha lakini asiye na muda, au anayetaka kujaribu rali moja kabla ya kununua gari. Bei yake ikionekana kubwa, kumbuka kwamba ndani yake kuna usafiri, matairi kadhaa, mafundi na uchakavu wa gari. Sehemu ya kusoma mara mbili katika mkataba ni ile ya uharibifu. Uliza kiasi cha juu utakachodaiwa gari likibingirika, na kama kiasi hicho ni kwa rali nzima au kwa kila ajali. Uliza pia kama kinachopasuka kwa uchovu wa kawaida, kama klachi au shafti ya gurudumu, ni juu yao au juu yako. Jibu la mdomo halitoshi.

Aina ya pili ndiyo inayowavutia washindani wengi wa hapa, na ndiyo inayohitaji maswali magumu zaidi. Gereji nzuri huwa na wateja kadhaa katika rali moja. Mafundi ni wazoefu, vipuri viko ndani ya lori, mashine ya kuchomelea ipo, jenereta ipo. Lakini magari matatu yakiingia yakiwa yamefuatana, nani anashikwa kwanza? Kwa kawaida ni yule anayepigania ubingwa, au anayelipa zaidi. Mteja mdogo hupewa fundi msaidizi na ahadi. Sitaki kusema gereji zote ziko hivyo, zipo zinazompa kila mteja wafanyakazi wake. Basi uliza wazi: watu wangapi ni wa gari langu peke yake? Nani mkuu wangu? Kama hawawezi kumtaja kwa jina, mlete wa kwako na waambie mapema kwamba yeye ndiye atakayeamua muda.

Hasara moja haitajwi sana. Ukikodi kila kitu tangu siku ya kwanza, hujifunzi gari. Siku litakapozimika katikati ya mkondo, mbali na mafundi wote, wewe na mwelekezi ndio mtakaofungua boneti. Dereva aliyewahi kushika jeki anajua kwamba waya wa sensa umechomoka. Ambaye hajawahi huketi juu ya jiwe kusubiri gari la kufunga barabara, lile linalopita nyuma ya washindani wote.

Kushirikiana

Washindani wawili au watatu wanagawana kikosi, turubai, kompresa, jenereta, chakula na gari la mizigo. Gharama zisizobadilika zinagawanywa, na mikono inaongezeka. Ndiyo maana naipendekeza. Ila inafanya kazi au inavunjika kutokana na jambo moja ambalo wengi hawalipigii hesabu: nafasi ya kuondoka.

Chukua rali ambayo magari huachiliwa kila baada ya dakika mbili, na huduma ni ya dakika 30. Gari namba 10 na namba 11 yataingia huduma kwa tofauti ya dakika mbili. Kwa dakika 28 magari yote mawili yatakuwa juu ya jeki pamoja, na mafundi wanne wamekuwa wawili kwa kila gari. Sasa chukua namba 10 na namba 25. Tofauti yao ni dakika 30: la kwanza linaondoka wakati la pili linaingia, na kila moja limepata kikosi kizima. Kushirikiana na mtu aliye karibu nawe kwenye orodha hakupunguzi kazi hata kidogo. Tafuta mwenzako aliye juu sana au chini sana yako. Kuwa mgeni kunasaidia hapa, kwani mwenye uzoefu huwa mbele na wewe uko nyuma. Na mkumbuke kwamba orodha hupangwa upya baada ya siku ya kwanza kulingana na matokeo, na magari mengine yatakuwa yamejitoa, hivyo tofauti inaweza kupungua siku ya pili.

Jambo la pili ni aina ya gari. Subaru na Subaru wanaweza kutumia sanduku moja la vipuri: beringi, pampu ya petroli, mikono ya usukani, hata giaboksi moja ya akiba kwa wote. Subaru na Mitsubishi Evo watagawana turubai na chai. Hilo bado lina thamani, lakini punguza matarajio ya akiba utakayopata.

Jambo la tatu ni maandishi. Ndiyo, hata kama mwenzako ni rafiki wa utotoni. Karatasi moja inatosha, ikijibu haya: kipuri cha pamoja kikitumika, nani analipa na kwa bei gani; magari yote mawili yakiwa na tatizo kubwa kwa wakati mmoja, la nani linashughulikiwa kwanza; mmoja akijitoa, je, mafundi wake wanabaki hadi mwisho? Swali la mwisho ndilo huvunja urafiki. Dereva aliyejitoa saa nne asubuhi ana huzuni, anataka kupakia gari na kwenda nyumbani, na trela ni yake. Kama hamkukubaliana, aliyebaki mashindanoni atajikuta na nusu ya kikosi na bila usafiri.

Na kila gari libaki na mkuu wake. Kikosi kimoja, wakuu wawili, kila mmoja na saa yake na kadi ya ratiba ya gari lake. Mkuu mmoja wa magari mawili hufanya kazi vizuri hadi yanapogongana, na hapo hulazimika kuchagua nani amwangushe.

Gari la kuvuta na la kubeba

Chaguo la kawaida ni pikapu ya dabo kabini, Hilux au D-Max, ikivuta trela. Fanya hesabu ya uzito kabla ya kufunga safari. Gari la kundi N, yaani la kiwandani lililorekebishwa kidogo, kama Mitsubishi Evo au Subaru Impreza, lina kilo 1,400 hivi. Trela ya chuma ya magurudumu manne ni kilo 600 au 700. Tayari unavuta zaidi ya tani mbili. Ndani ya pikapu kuna watu wanne, kilo 300. Magurudumu manane ya rali yenye tairi nzito za barabara za mawe, kilo 160 au zaidi. Lita 100 za petroli, kilo 75. Halafu jeki, stendi, vifaa, jenereta, maji. Unakaribia tani moja bila kujua. Pikapu mpya za dizeli nyingi zimeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 trela ikiwa na breki zake, lakini za zamani huwa chini ya hapo, na kiwango cha trela isiyo na breki ni kidogo sana, kwa kawaida kilo 750. Soma kitabu cha gari lako.

Suala la breki za trela halina mjadala kwangu. Anayetoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini anateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kona baada ya kona, akiwa na tani mbili zinazomsukuma kutoka nyuma. Trela bila breki pale inaunguza breki za pikapu kabla hujafika kanisa dogo la Waitaliano. Gia ya chini, mwendo wa polepole, na mikanda ya kufungia gari ikaguliwe kila mnaposimama, kwa maana hulegea.

Lori dogo aina ya Canter hubeba gari mgongoni na nafasi ikabaki ya masanduku. Ni tulivu kwenye mteremko kuliko trela, halipindi katikati, na kwenye eneo la huduma sakafu yake ni meza ya kazi. Lakini linahitaji dereva mwenye leseni ya daraja la malori, linabeba watu wachache kihalali, kwa hiyo utahitaji gari la pili kwa kikosi. Kwa rali tano au sita za mwaka, kukodi Canter kwa siku chache kuna akili kuliko kulinunua. Kwa wanaoshirikiana, Canter moja ya vifaa vyote na pikapu mbili zenye trela ni mpangilio mzuri sana.

Hiace hufaa kwa watu na vifaa vinavyofungiwa ndani, visilowe wala visiibiwe. Gari la mashindano halibebi. Na wapo wanaoendesha gari la rali lenyewe kwa njia kutoka nyumbani hadi mashindanoni. Kama lina namba za barabarani na bima halali, na rali iko Kajiado au Machakos, ni akiba nzuri. Ila weka pembeni pesa ya kukodi gari la kulivuta, kwa sababu rali moja kati ya kadhaa halitarudi kwa miguu yake.

Usisahau kijigari cha mbio za dukani. Probox ya shemeji inayoweza kukimbia Nakuru mjini kutafuta beringi imeokoa wengi.

Rali inapohama kila siku

Yote hayo juu yanachukulia kwamba eneo la huduma ni moja na halihami. Kwa rali zinazohama mji hadi mji, hesabu inageuka. East African Safari Classic, ya magari ya zamani, hupita Kenya na mara nyingine Tanzania kwa siku nyingi mfululizo, na kila usiku kambi ni mpya. Huko trela ni mzigo. Unachohitaji ni angalau magari mawili ya huduma yanayoruka vituo: moja linamhudumia dereva asubuhi, lingine limeshatangulia kusubiri jioni. Kujipangia peke yako hapo ni kazi ya kuumiza. Kushirikiana kunawezekana, lakini kukodi timu yenye malori na redio ndiko kunakofaa, hata kwa mtu anayebana matumizi.

Kuvuka mpaka kuna karatasi zake: kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa bima ya kila gari, ambayo Tanzania pia inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA, na nyaraka za kuingiza gari la mashindano na vipuri kwa muda. Orodha ya vipuri iandikwe kabla ya Namanga au Busia, si mbele ya ofisa wa forodha.

Ukitoka vumbini kwenda lami

Baadhi ya madereva wetu, hasa wenye ndugu Ulaya, hutamani rali za lami. Ayalandi ni mahali pazuri pa kuanzia, maana ina mfululizo mzima wa rali za lami zinazojaa watu wa kawaida wenye Ford Escort za zamani. Rali ya Donegal, iliyoanza mwaka 1972, huendeshwa mwezi Juni kwa siku tatu, kambi ikiwa Letterkenny.

Kazi ya huduma kule ni nyingine kabisa. Filta ya hewa na bamba la kukinga injini, vitu vinavyotuchosha Naivasha, haviwi tena tatizo kuu. Muda unakwenda kwenye matairi na breki. Barabara ni nyembamba, zimepinda, zina matuta, na mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa mlima huku upande wa pili kumekauka. Uamuzi wa tairi laini lisilo na kashata, la lami kavu, au la mvua ndio unaogawa washindi na walioko mtaroni. Kwa hiyo mtu wa saa anahitaji msaidizi ambaye hatujamzoea hapa: mtu wa hali ya hewa, anayeendesha hadi karibu na mikondo na kupiga simu kusema lami imekaaje na kama kona zimejaa matope yaliyovutwa na magari yaliyotangulia. Na fundi anayejua kupima pembe za magurudumu kwa uzi ana thamani kuliko anayejua kuchomelea.

Kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, njia ya kujipangia huko karibu haipo. Raia wa Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya Ayalandi, na kila fundi utakayempeleka atahitaji yake. Tena Letterkenny iko karibu na mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Akishukia Belfast, au gari la huduma likipita Derry kufuata vipuri, hiyo ni viza nyingine. Usafirishaji wa gari kwa meli kwenda na kurudi utamaliza bajeti ya msimu mzima wa nyumbani.

Kodi gari na mafundi wa huko, uende na mwelekezi wako na mkuu wako wa kikosi, watu watatu tu. Kabla ya kulipa, uulize gereji mambo manne: seti ngapi za matairi ziko ndani ya bei na za aina gani; nani anayekwenda kutazama hali ya barabara na anampigia nani simu; usukani uko upande gani, kwa kuwa magari mengi ya kukodi ya madaraja mapya yanatoka Ulaya bara na usukani wake uko kushoto; na kama watakupa nusu siku ya kulijaribu gari kwenye lami kabla ya mashindano. Wakikataa hilo la mwisho, tafuta wengine.